Posho ya Kiangazi Ndiyo Mlango wa Maabara

Mapema mwaka 2025, wakati wanafunzi wa vyuo kote Marekani wameshatuma maombi na wanasubiri majibu, Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo, NIH, zilitangaza kwamba kiangazi kile hazitapokea wanafunzi wa programu yao ya utafiti wa kiangazi. Katika mwaka wa kawaida programu hiyo huchukua vijana zaidi ya elfu moja, wengi wao kwenye kampasi kuu ya Bethesda, Maryland. Ilifutwa yote kwa mkupuo. Baada ya hapo vyuo vikuu kadhaa navyo vikafuta au kupunguza nafasi zao za kiangazi, kwa kuwa fedha za serikali kuu hazikuwa na uhakika tena. Vyombo vya habari viliandika sana juu ya maprofesa waliokatiwa ruzuku, na ilikuwa haki yao kuandikwa. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa pili, mtoto wa dereva au wa mfanya usafi wa hoteli, ambaye wiki zile kumi zingekuwa mara yake ya kwanza kuingia maabara inayofanya utafiti wa kweli, alipita bila kutajwa. Nataka kumzungumzia yeye.

Msomaji wa Tanzania anaijua fildi, na wa Kenya anaijua atachimenti: likizo ndefu inafika, mwanafunzi anatafuta ofisi au kiwanda cha kumpokea, anakwenda kujifunza kazi. Utafiti wa kiangazi wa Marekani unafanana na hayo kwa kalenda tu. Mfano mkubwa ni programu ya REU, iliyoanzishwa mwaka 1987 na Taasisi ya Taifa ya Sayansi, NSF. Idara ya chuo kikuu inapewa fedha za kuchukua wanafunzi wa shahada ya kwanza, mara nyingi kama kumi hivi, kwa wiki nane hadi kumi kati ya Juni na Agosti. Kila mmoja anakabidhiwa msimamizi wake na swali lake ambalo jibu halimo katika kitabu chochote. Masharti ya NSF yanataka angalau nusu ya wanafunzi watoke vyuo ambako nafasi za utafiti ni chache, vikiwemo vile vya miaka miwili vinavyoitwa vyuo vya jamii. Kwa hiyo programu hii inamlenga yule ambaye chuoni kwake hakuna maabara ya maana.

Tumtazame kwa karibu. Siku za kwanza ni mafunzo ya usalama, kitambulisho cha mlangoni, na zoezi la kunyonya maji yenye rangi kwa pipeti, matone madogo sana, mpaka mkono uache kutetemeka. Wiki ya pili anapewa sampuli zake. Anachanganya vimiminika kwa mpangilio aliouandika daftarini, anaziingiza katika mashine ya kuzidisha vinasaba, anasubiri saa mbili, kisha anazipitisha kwenye jeli na kuiweka chini ya taa ya urujuanimno. Alitegemea kuona mistari inayong'aa. Haoni kitu. Anarudia, haoni kitu. Wiki ya nne msimamizi wake, kijana wa uzamivu mwenye usingizi machoni, anakaa naye na kupitia daftari mstari kwa mstari, na wote wawili wanagundua kwamba kimiminika kimoja kiliachwa nje ya friji usiku kucha. Hapo ndipo kitu kinapobadilika. Mpaka siku ile, maisha yake yote ya shule, jaribio lisilofanya kazi lilikuwa na maana moja: umefeli. Sasa anaona watu wenye shahada kubwa wakishindwa kila siku, wakiandika, wakirudia, bila mtu kuwacheka. Hakuna mhadhara unaoweza kufundisha jambo hilo.

Kiangazi kikiisha anasimama mbele ya bango lake na kueleza alichofanya. Anaondoka na kitu kingine chenye thamani kuliko bango: mtu wa kumwandikia barua. Maombi ya uzamivu katika sayansi Marekani yanaangalia alama, lakini yanaangalia zaidi barua ya mtafiti aliyemwona mwombaji akifanya kazi. Mwanafunzi asiyewahi kukanyaga maabara hana wa kumwandikia barua ya namna hiyo, hata awe na alama za juu kiasi gani.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo penye kiini, na hapo ndipo mijadala mingi inapopita haraka. Wanafunzi wa REU hulipwa. Kwa miaka kadhaa mwongozo umekuwa kwenye dola 600 hivi kwa wiki, na baadaye ukasogezwa juu, pamoja na malazi na mara nyingi chakula na nauli. Kwa mtu wa nje hilo linaonekana dogo, kama takrima. Mimi naliona ndilo jambo lenyewe. Chuo kikuu kikubwa hakikosi profesa ambaye yuko tayari kumpokea kijana anayejitolea bure. Kijana anayeweza kujitolea bure miezi miwili na nusu ni yule ambaye kodi ya nyumba inalipwa na wazazi, bima inalipwa na wazazi, na hakuna anayemtegemea. Anajitolea, anapata barua, barua inampa nafasi nyingine, na baada ya miaka minne tunaambiwa kwamba huyu ana kipaji cha utafiti na yule hakujituma.

Yule "hakujituma" alikuwa ghalani akipakia mizigo. Tufanye hesabu ya familia moja ya kawaida. Kijana analipwa dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki, wiki kumi: dola 7,200. Akipata saa za ziada, kila saa inakuwa dola 27. Upande wa pili, REU kwa dola 600 kwa wiki inampa 6,000. Malazi ni bure, kweli, lakini hata nyumbani alikuwa analala bila kulipa. Ongeza kwamba ndiye anayempeleka mama kliniki na kumtafsiria, ndiye anayebaki na wadogo zake baba akiwa zamu ya usiku, na ndiye anayechangia fedha ya kutuma kwa bibi Bukavu au Kigoma. Mzazi akiangalia hesabu hiyo na kusita, hajaikataa elimu. Amefanya hesabu sawasawa. Posho ya kiangazi ipo ili hesabu hiyo isogee karibu na kuwezekana, na kila dola inayopunguzwa inasogeza familia moja nyuma ya mstari.

Kuna mambo mengine madogo yanayowafungia watu nje bila mtu kukusudia. Programu nyingine hurudisha nauli baada ya safari: mwanafunzi anunue tiketi ya ndege ya dola mia nne kwa kadi yake, alete risiti, alipwe wiki kadhaa baadaye. Asiye na kadi ya mkopo ameshaishia hapo. Nyingine hutoa malipo ya kwanza mwisho wa wiki ya pili au ya tatu, na siku kumi na nne bila pesa ya chakula katika mji mgeni ni nyingi. Isitoshe, posho hiyo kwa kawaida hulipwa bila kukatwa kodi ilhali inatozwa kodi, kwa hiyo Aprili inayofuata kijana anadaiwa fedha alizokwisha kuzituma nyumbani. Mratibu anayenunua tiketi mwenyewe, anayelipa sehemu ya posho siku ya kuwasili na kuwaeleza vijana habari ya kodi mapema, amefanya zaidi kwa usawa kuliko mwenye ukurasa mzima wa maneno mazuri katika tangazo lake.

Programu hizi zina historia, na historia hiyo haikuanza na siasa za miaka hii. Ronald McNair alikuwa mtoto mweusi wa Lake City, South Carolina. Mwaka 1959, akiwa na miaka tisa, alikwenda maktaba ya mji kuazima vitabu, akakataliwa kwa rangi yake, polisi wakaitwa. Mwaka 1976 alipata uzamivu wa fizikia pale MIT. Januari 28, 1986 alikufa katika chombo cha anga cha Challenger, na Bunge la Marekani likaanzisha programu kwa jina lake ya kuwaandaa vijana kwa uzamivu. Angalau theluthi mbili ya wanaoingia lazima wawe wa familia za kipato kidogo na wa kwanza katika ukoo kufika chuo. Waliobaki hutoka katika makundi yenye uwakilishi mdogo. Mwaka 1991 ikaja LSAMP, programu ya NSF ya kuwaongeza vijana wa makundi hayo katika sayansi, iliyopewa jina la Louis Stokes, mbunge wa kwanza mweusi kutoka Ohio. Pale Baltimore, Freeman Hrabowski wa chuo kikuu cha UMBC alishirikiana na mfadhili Robert Meyerhoff kuanzisha mwaka 1988 programu ya Meyerhoff, iliyoanza na vijana 19 wa kiume weusi, ikawapokea wanawake mwaka 1990, kisha mwaka 1996 ikafunguliwa kwa wanafunzi wa rangi zote wenye nia hiyo hiyo.

Je, zinafanya kazi? Swali ni la haki, kwa sababu wanaoomba tayari ni watu wenye ari, na ari peke yake inaweza kuwafikisha mbali. Mwaka 2007 jarida la Science lilichapisha uchunguzi uliohoji maelfu ya wanafunzi: asilimia 68 walisema utafiti uliwaongezea hamu ya kufanya kazi ya sayansi au uhandisi, na asilimia 29 walisema sasa walitarajia kufika uzamivu ilhali mwanzo hawakuwa na wazo hilo. Hayo ni maneno ya wahojiwa wenyewe, na maneno ya wahojiwa yana mipaka yake. Ushahidi wa Meyerhoff una uzito zaidi, kwa sababu ulilinganisha walioingia na wale waliopewa nafasi ileile wakaamua kwenda chuo kingine. Vijana wa aina moja, wenye alama za aina moja. Walioingia walikuwa na uwezekano wa kama mara tano zaidi wa kuendelea na masomo ya juu ya sayansi. Vyuo vikuu vya Penn State na North Carolina pale Chapel Hill vilipoiga mfumo ule kwa uaminifu, navyo vilianza kuona matokeo yanayofanana. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ni kipaji tu. Kuna kitu kinachotendwa kwa vijana hawa ambacho kinaweza kutendwa mahali pengine.

Mhitimu mmoja wa Meyerhoff ni Kizzmekia Corbett. Akiwa bado mwanafunzi wa UMBC alipata kufanya kazi NIH, katika maabara ya Barney Graham. Alikwenda Chapel Hill kwa uzamivu, akarudi kwa Graham mwaka 2014, akaanza kazi ya chanjo za virusi vya korona wakati watu wachache walikuwa wakivifikiria. Machi 16, 2020, mtu wa kwanza alipochomwa sindano ya majaribio ya chanjo ya Moderna pale Seattle, kazi ya Corbett na wenzake ilikuwa ndani ya chupa ile. Simtaji ili kusema kila mwanafunzi wa kiangazi atakuwa Corbett. Namtaja kwa sababu maabara iliyompa nafasi akiwa mwanafunzi ni ya taasisi ileile iliyofunga milango kwa wanafunzi wa kiangazi mwaka 2025.

Na tuseme wazi kilichotokea mwaka ule. Januari 20 na 21, Rais Trump alitia saini amri dhidi ya programu za uanuwai na usawa. Aprili NSF ikatangaza kwamba juhudi za kupanua ushiriki katika sayansi hazitafadhiliwa zikipendelea kundi fulani, na ikaanza kusitisha ruzuku, nyingi zikiwa za elimu ya sayansi. NIH nayo ikazifunga programu za kuandaa watafiti, ikiwemo MARC iliyokuwepo tangu miaka ya 1970. Kisha Ikulu ikapendekeza bajeti ya NSF ya mwaka 2026 ipunguzwe kwa zaidi ya nusu, kutoka takriban dola bilioni 9 hadi chini ya bilioni 4.

Hoja ya wanaounga mkono hatua hizi inastahili kusikilizwa. Wanasema Mahakama Kuu ya Marekani iliamua Juni 29, 2023 kwamba rangi isitumike katika udahili wa vyuo, na kwamba mtoto maskini wa Kizungu wa milima ya West Virginia naye hajui mlango wa maabara uko wapi. Sehemu ya pili ni kweli kabisa, naikubali bila kusita. Programu ya McNair imekuwa ikimchukua mtoto huyo kwa miaka mingi, na sharti la REU la vyuo visivyo na utafiti linamhusu pia. Lakini kama nia ilikuwa kubadili kipimo kutoka rangi kwenda kipato, tungeona fedha zilezile zikielekezwa kwa maskini wa rangi zote. Kilichoonekana ni fedha kuondolewa. Kijana wa West Virginia hakupewa nafasi ya kijana wa Baltimore. Wote wawili wamekosa. Na bado rangi haijaacha kuwa na uzito: Wamarekani weusi ni takriban asilimia 13 ya watu wa nchi ile, huku shahada za kwanza za uhandisi wanazopata zikiwa karibu asilimia 5 tu. Pengo la namna hiyo halijazibika lenyewe kwa miaka yote hii, na sioni sababu ya kutarajia litazibika sasa kwa kuacha kuliangalia.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tulioko Marekani tumo ndani ya hesabu hii, na wengi wetu hatujui. Watoto wa wakimbizi wa Kongo waliokulia Nyarugusu, Kakuma au Nakivale wamefika Kentucky, Texas, Iowa na Arizona, na sasa wengine wako vyuo vya jamii wakisoma baiolojia, uuguzi, kompyuta. Ndio hasa walengwa wa programu hizi: wa kwanza kufika chuo, kipato kidogo, chuo kisicho na maabara ya utafiti. Ila REU inataka mwombaji awe raia au mkazi wa kudumu, yaani mwenye grinikadi. Familia iliyoingia kwa bahati nasibu ya visa, kutoka Nairobi au Lubumbashi, ilikuwa na haki hiyo tangu siku ya kuwasili. Mkimbizi anatakiwa kusubiri mwaka mmoja kisha aombe, na maombi nayo huchukua muda wake. Nimeona wazazi wakiliahirisha jambo hili, wakisema hati za ukimbizi zinatosha kufanyia kazi. Zinatosha kufanyia kazi ghalani, kwa kweli. Hazimpeleki mtoto REU, na mtoto anagundua hilo Januari akiwa ameshaandika insha yake ya maombi.

Mwanafunzi aliyekwenda Marekani kwa visa ya masomo kutoka Dar es Salaam au Bujumbura hawezi kulipwa na REU ya NSF, hata awe na alama gani. Aulize idarani kwake kuhusu fedha za chuo chenyewe. Na aliyeko nyumbani Afrika Mashariki asidhani mambo yote yako Marekani: taasisi ya OIST ya Okinawa, Japani, chuo kikuu cha KAUST cha Saudi Arabia, na kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN pale Geneva wamekuwa wakipokea wanafunzi wa mataifa ya nje na kuwagharimia. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali, lakini hakuna ada ya ajabu wala dalali. Akitokea mtu anayeomba pesa ili "akuunganishe", huyo ni tapeli.

Kwetu, Bodi ya Mikopo ya Tanzania ina fungu la mafunzo kwa vitendo, na maana yake serikali ilishakubali kanuni kwamba likizo ya mwanafunzi ina gharama. Kanuni hiyo ingeweza kupanuliwa kidogo ili fedha za aina hiyo zimpeleke mwanafunzi wa chuo cha mkoani katika maabara ya Taasisi ya Afya ya Ifakara au ya chuo kikuu chenye vifaa, akiwa na msimamizi na swali lake, badala ya kukaa wiki nane akipanga mafaili. Taasisi zipo, watafiti wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kulipia kitanda na chakula.

Kwa vijana wa Marekani ambao bado wana nafasi, kalenda haisubiri. Matangazo mengi hutoka kati ya Oktoba na Desemba, na maombi hufungwa kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari, miezi minne kabla ya kiangazi chenyewe. NSF ina mfumo wa mtandaoni uitwao ETAP ambamo ombi moja linaweza kupelekwa sehemu nyingi, ingawa si kila chuo kinautumia. Barua mbili za walimu ndizo huchelewesha watu. Mwalimu wa kemia mwenye darasa la watu mia na hamsini hawezi kumwandikia mtu asiyemjua, kwa hiyo mwanafunzi aende ofisini kwake Septemba, akae, aulize swali la somo, arudi wiki inayofuata na jingine. Ombi la barua lifike kabla ya likizo ya Krismasi, likiwa na nakala ya alama, rasimu ya insha na tarehe ya mwisho. Mwanafunzi asiogope kuandika katika insha yake kwamba anafanya kazi zamu ya usiku au kwamba ndiye mkalimani wa familia: kamati nyingi zinataka kujua hilo, na wakifundishwa tu kuona aibu nalo watoto wetu huliacha nje. Akikubaliwa, kabla ya kusema ndiyo, amwandikie mratibu maswali matatu: posho ya kwanza inalipwa siku gani, nani ananunua tiketi, na malazi yanaanza tarehe ngapi.

Mzazi naye akae na barua hiyo ya majibu mezani na kufanya hesabu upya pamoja na mwanawe, akiweka ndani yake miaka mitano au kumi ijayo. Zile dola 1,200 zinazopungua kiangazi kimoja zinaweza kutafutwa kwa ndugu, kanisani, msikitini, kwenye chama cha watu wa kwetu mjini. Tunachangia harusi na misiba kwa kiasi kikubwa kuliko hicho, na kwa siku chache tu.